Deni la Moto

Aliye na Biblia karibu na afungue kitabu cha Kutoka, sura ya 22. Asiye nayo asihangaike, maana tutayaeleza yaliyomo kwa maneno yetu wenyewe.

Sura hii haisomwi sana makanisani. Watu wengi wakifika Mlima Sinai husoma zile Amri Kumi katika sura ya 20, kisha huruka mpaka kwenye habari za ndama ya dhahabu. Katikati hapo pana sheria za ng'ombe aliyepiga watu pembe, za shimo lililoachwa wazi, za punda wa jirani na za nguo iliyowekwa rehani. Ni sheria za kijijini kabisa. Mzee yeyote aliyewahi kuketi barazani na chifu kusikiliza kesi za mipaka ya mashamba angezielewa mara moja bila kuhitaji mhubiri.

Mstari wa 6 unazungumza juu ya moto. Mtu amewasha moto katika shamba lake, labda anachoma takataka. Moto umeshika miiba, upepo umeuchukua, umevuka mpaka, na nafaka ya jirani imeteketea, iwe ile iliyokwisha kufungwa au ile iliyokuwa ingali imesimama. Sheria yasema kwamba aliyeuwasha ndiye anayelipa. Haiulizi kama alikusudia, wala haiulizi kama ni mtu mwema anayekwenda ibadani kila Sabato. Haisemi alipe akipata nafasi. Wala hayo malipo hayaitwi sadaka.

Tumeuchagua mstari huu kwa sababu ya habari ambazo husomwa redioni karibu kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba. Tunaambiwa kwamba wakubwa wa mataifa yote wamekutana katika mji fulani kuzungumza juu ya mabadiliko ya hali ya hewa, ambayo wengine huyaita mabadiliko ya tabianchi, na kwamba mataifa tajiri yameombwa kuyasaidia mataifa maskini. Hilo neno "kuyasaidia" ndilo linalotusumbua. Twataka tuulizane leo, tukiwa na Biblia mkononi, kama jambo hili ni msaada au ni deni.

Tuanze na moto wenyewe. Mwaka 1769 fundi mmoja wa Uskoti, James Watt, alipewa hati ya kumiliki ufundi wake wa kuiboresha injini ya mvuke. Tangu siku za injini hizo Ulaya, na baadaye Marekani, zimechoma makaa ya mawe, kisha mafuta, kisha gesi, na kwa nguvu hiyo zikajenga viwanda, reli, meli na majumba ambayo sisi huyaona katika picha. Sasa, moshi wa jikoni kwetu hutoka dirishani ukapotea. Lakini katika kuchoma vitu hivi hutoka hewa ya ukaa, nayo haipotei upesi. Sehemu yake kubwa hukaa angani mamia ya miaka, ikiifunika dunia kama blanketi linalozuia joto lisitoke. Kwa hiyo moshi wa viwanda vya pamba vya Manchester, uliotoka kabla babu zetu hawajaona treni, bado uko juu ya vichwa vyetu.

Wataalamu wamefanya hesabu ya nani amechoma kiasi gani tangu mwanzo. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa yote hiyo. Nchi za Ulaya, ukiihesabu Uingereza pamoja nazo, zimetoa zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano. Afrika nzima, na watu wake zaidi ya bilioni moja, imetoa kama sehemu 3 katika kila 100. Nchi yetu ya Kenya haitoi hata sehemu moja katika elfu ya hewa inayotoka duniani kwa mwaka, na umeme wetu, karibu sehemu tisa katika kumi, hutoka katika mvuke wa Olkaria, maji ya Tana, upepo wa Loiyangalani na jua.

Na nafaka iliyoungua iko wapi? Wasikilizaji wetu wa Marsabit, Wajir, Mandera, Turkana na Isiolo hawahitaji kuelezwa. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilipita, mmoja baada ya mwingine, bila mvua ya kutosha, hapa kwetu, kusini mwa Ethiopia na Somalia. Katika Kenya peke yake walikufa mifugo zaidi ya milioni mbili na nusu, na watu zaidi ya milioni nne wakahitaji chakula cha msaada. Mwezi wa Aprili 2023 kundi la wanasayansi lilitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya ukame huo. Walisema kwamba kupata moto kwa dunia kuliufanya ukame wa namna hiyo uwe rahisi kutokea angalau mara 100 zaidi. Tuangalie walivyoeleza, maana ni jambo la kufikiri. Mvua ilikuwa haba, hilo ni kweli, lakini kama joto lingekuwa lile la zamani, udongo ungebaki na unyevu na majani yangeota kiasi. Joto ndilo lililounyonya unyevu ule mdogo ulioanguka.

Mfugaji aliyesimama kati ya mizoga ya ng'ombe wake hakuuwasha moto huo. Hata hivyo ndiye aliyeunguliwa.

Watu wengine hujibu kwamba wazee wa Ulaya waliochoma makaa hawakujua madhara yake, na kwamba si haki mjukuu alipe asilolijua babu. Kwanza, mstari wetu hauulizi habari ya kujua. Lakini hata tukiuliza, jibu haliwaokoi. Mwaka 1992, katika mji wa Rio de Janeiro, mataifa yalitia sahihi mkataba juu ya hali ya hewa. Humo iliandikwa kwamba mataifa yote yana wajibu, ila si kwa kipimo kimoja, na kwamba yale yaliyoendelea yatatoa fedha kuyawezesha yale yanayoendelea. Basi tangu mwaka ule hakuna aliyeweza kusema hakujua. Na je, moto ulipunguzwa? Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa iliyotokana na makaa, mafuta na gesi katika historia yote ya wanadamu imetoka baada ya mwaka 1990. Wajukuu wameongeza kuni huku wakijua.

Kweli, tusifiche, katika kuni hizo za karibuni nyingi ni za China. Leo hakuna nchi inayotoa hewa hiyo kwa mwaka kuliko China, na katika orodha ya mwaka 1992 ya wanaopaswa kutoa fedha China haimo. Wala hazimo nchi za Kiarabu zilizotajirika kwa mafuta. Sisi twaona hao nao waitwe barazani. Falme za Kiarabu zilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa Dubai mwaka 2023 ziliahidi dola milioni 100 kwa mfuko wa kuwafidia waliokwisha kuumia, ingawa hakuna orodha iliyozilazimisha. Ujerumani iliahidi kiasi hicho hicho. Marekani, ambayo tumesema imetoa robo ya moshi wote, iliahidi milioni 17 na nusu.

Ahadi kubwa zaidi ilitolewa Copenhagen mwaka 2009. Mataifa tajiri yalisema kwamba ifikapo mwaka 2020 yatakuwa yakitoa dola bilioni 100 kila mwaka. Mwaka 2020 ulifika ukapita. Kwa hesabu ya shirika lao wenyewe, lile liitwalo OECD, kiasi hicho kilifikiwa mwaka 2022, yaani kwa kuchelewa miaka miwili. Hata hivyo mtu angeweza kusema, heri kuchelewa. Lakini, ndugu msikilizaji, tuifungue bahasha tuone kilichomo. Katika fedha za serikali zilizohesabiwa mwaka ule, katika kila dola kumi, karibu dola saba zilikuwa mkopo.

Sasa turudi kwenye Biblia, katika sura ile ile. Tushuke mpaka mstari wa 25. Hapo Musa anazungumza juu ya kumkopesha maskini fedha, kwamba aliyekopesha asimgandame maskini huyo na asimtoze riba. Ni sheria njema sana, lakini ni sheria nyingine. Mstari wa 6 ni wa mtu aliyeunguza mali ya mwenzake, na mstari wa 25 ni wa mtu aliye na fedha anayemkopesha asiye nazo. Musa hakuzichanganya kesi hizi mbili. Mataifa tajiri yameitoa kesi yetu katika mstari wa 6 yakaipeleka katika mstari wa 25, na yakiisha kufika huko, hata huo mstari wa 25 hawautimizi wote, kwa maana baadhi ya mikopo hiyo ina riba kama ya benki yoyote ya biashara.

Hebu tuseme ni kijijini kwenu. Moto wa jirani umeteketeza ghala lako la mahindi. Mmekwenda barazani. Jirani anasimama, anasema amesikitika sana, anatia mkono mfukoni na kukupa shilingi elfu kumi, kisha anakwambia utamrudishia kidogo kidogo kwa miaka ishirini. Akifika nyumbani anaandika katika daftari lake kwamba amekusaidia, na Jumapili anatangaza kanisani. Tunadhani wazee wa baraza wangecheka kwanza, kisha wangekasirika.

Jambo hili limetokea karibu nasi. Mwezi wa Machi 2019 tufani iliyoitwa Idai iliupiga mji wa Beira katika Msumbiji na kuzamisha mashamba mpaka upeo wa macho. Katika nchi hiyo peke yake walikufa zaidi ya watu 600. Mwezi uliofuata Shirika la Fedha la Kimataifa liliipa Msumbiji dola milioni 118. Zilikuwa mkopo. Tuseme kweli yote, hazikuwa na riba. Lakini zitalipwa, na watakaozilipa ni pamoja na wale waliokaa juu ya miti wakingoja mashua.

Hapa kwetu pia uko mpango wa serikali wa kugharimia kazi za hali ya hewa mashinani, unaofika mpaka katika kila wadi, wa kuchimba visima, kujenga matangi, kupanda miti. Ni mpango mzuri na tumeona matunda yake. Lakini sehemu kubwa ya fedha zake ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, uliokubaliwa mwaka 2021. Masharti yake ni nafuu kuliko ya wengine, nao baadhi ya wafadhili wa Ulaya wameongeza chao. Hata hivyo tangi la wadi yenu, likiwa limejengwa kwa fedha hizo, wewe na watoto wako ndio mtakaolilipia.

Hatusemi kila mkopo ni mbaya. Ukikopa ujenge mtambo wa mvuke kama ule wa Olkaria, mtambo utauza umeme, na umeme utalipa deni. Lakini fikirini bwawa la mchanga. Watu wa Machakos, Kitui na Makueni wanalijua vizuri. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatisha mto wa msimu. Mvua ikinyesha, mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga, jua lisiyafikie wala mbu wasizaliane humo. Mto ukikauka juu, akina mama huchimba au hupiga pampu na kupata maji safi miezi ya kiangazi. Je, bwawa hilo linauza nini? Mama aliyekuwa akimswaga punda tangu alfajiri mpaka saa sita kutafuta maji, sasa anayapata karibu na nyumbani. Amepata muda wa kulima, na binti yake amepata muda wa kwenda shule, lakini hakuna shilingi iliyoingia mfukoni mwake ambayo benki ingeweza kuikata riba. Kazi za namna hii, za kujikinga na madhara, ndizo tunazozihitaji kuliko zote, na ndizo zisizoweza kulipa mkopo. Tena sisi tukienda kukopa sokoni hatuuziwi fedha kwa bei moja na wengine. Mwezi wa Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni moja na nusu kwa riba iliyopita asilimia 10. Wakati huo huo Ujerumani ilikopa kwa riba isiyofika asilimia 3.

Lakini yako mambo ya kutia moyo, na tungekuwa watu wasio na shukrani tusipoyataja. Mstari wa 5, unaotangulia ule wa moto, unazungumza juu ya mtu aliyeacha mnyama wake akala shamba la mwingine. Huyo naye alipe, na alipe kutoka katika sehemu bora ya shamba lake mwenyewe. Asichague kona yenye magugu.

Mwezi wa Novemba 2021 mkutano wa mataifa ulifanyika Glasgow, mji ule ambao James Watt alifanyia kazi. Hapo serikali ya Uskoti, ambayo si hata taifa kamili katika Umoja wa Mataifa, ilikuwa ya kwanza duniani kutoa ahadi ya fedha kwa ajili ya hasara ambayo imekwisha kutokea. Ilikuwa pauni milioni mbili. Mwaka uliofuata, huko Sharm el-Sheikh katika Misri, iliongeza milioni tano. Denimaki ilikuwa imekwisha kufuata mfano huo mwezi wa Septemba 2022. Katika hesabu za dunia kiasi cha Uskoti ni kidogo sana, hata barabara moja ndefu hakijengi. Lakini angalieni jinsi walivyosema. Hawakusema wanatoa msaada. Serikali yao ilisema ni jambo la haki, la kurekebisha, nayo haikutoa mkopo.

Kwetu sisi hao si wageni. Wamisionari wa Uskoti walianza kazi Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898, na wengi wanaotusikiliza walisoma katika shule zilizotokana na mbegu hiyo. Huko Malawi mji wa Blantyre unaitwa hivyo kwa sababu David Livingstone alizaliwa katika Blantyre ya Uskoti, akafanya kazi katika kiwanda cha pamba tangu utoto wake. Mwezi wa Machi 2023 tufani iitwayo Freddy iliporomosha milima juu ya watu wa Blantyre ya Malawi na wilaya za jirani. Waliokufa na waliopotea wasionekane tena walizidi elfu moja. Nchi iliyotuletea Injili na nchi iliyowasha makaa ya kwanza ni moja. Hatuoni sababu ya kuificha habari moja ili tuisifu nyingine.

Mstari wa 9 wa sura yetu wasema kwamba watu wawili wakibishana juu ya mali, kesi yao wote wawili iletwe mbele za Mungu, mbele ya waamuzi. Hili nalo limefanyika. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ambavyo vingine vinamezwa na bahari, walianza kuomba Mahakama ya Kimataifa iulizwe juu ya wajibu wa mataifa. Nchi ndogo ya Vanuatu ililichukua ombi lao, Umoja wa Mataifa ukakubali mwaka 2023, na tarehe 23 Julai 2025 mahakimu wa The Hague walitoa maoni yao. Walisema mataifa yana wajibu wa kisheria kuilinda hali ya hewa, na kwamba taifa linalovunja wajibu huo laweza kutakiwa kuwalipa fidia walioumia. Maoni hayo hayana askari wa kuyatekeleza. Hakuna dalali atakayekwenda kuuza magari ya mtu. Tena mwezi wa Januari wa mwaka huo huo rais wa Marekani alikuwa ametia sahihi kuitoa nchi yake katika Mkataba wa Paris wa mwaka 2015. Na huko Baku, mwaka 2024, mataifa maskini yaliyosema yanahitaji dola trilioni moja na bilioni 300 kwa mwaka yaliahidiwa bilioni 300, nazo zifikiwe mwaka 2035. Wakubwa walisema hakuna fedha. Katika mwaka huo wa 2024 dunia ilitumia dola trilioni 2.7 kwa majeshi na silaha.

Sasa, wapendwa, fungueni sura inayofuata, ya 23, mstari wa 3. Huu ni mstari ambao maskini hawaupendi. Unakataza kumpendelea maskini katika kesi yake kwa sababu tu ni maskini. Kwa hiyo sisi nasi tusimame mbele ya baraza tuulizwe.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliteremka karibu na Mai Mahiu yakabomoa nyumba na kuua watu zaidi ya 40 wakiwa vitandani. Mvua ya mwaka ule ilikuwa kubwa. Lakini serikali ilieleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, mahali ambapo mfereji wa kupitisha maji ulikuwa umeziba, mpaka tuta likashindwa. Mfereji ulioziba hapa Kenya haukuzibwa na mtu wa Manchester. Wala msitu wa Mau haukukatwa na Wamarekani. Nyumba zilizojengwa ndani ya kingo za mito ya Nairobi zilipewa ruhusa na mtu aliyekaa katika ofisi ya hapa hapa. Tukidai kwamba kila kilichoharibika kimeharibiwa na moto wa jirani, jirani atapata njia ya kukataa hata kile alichokiunguza kweli.

Tena mstari wa 8 wa sura hiyo unakataza rushwa. Fedha za fidia zikifika, zinafika kwa nani? Katika wadi nyingi za nchi yetu sasa ziko kamati za mabadiliko ya hali ya hewa, ambazo wananchi huwachagua wenyewe, na ndizo zinazosema kisima kichimbwe wapi. Makueni walikuwa na sheria ya mfuko wa namna hii tangu mwaka 2015. Humo kamatini mna wazee wa kanisa, mna akina mama wa ushirika, mna waimbaji wa kwaya. Tunawaomba ninyi mliomo humo: someni hesabu kwa sauti mbele ya watu. Kisima kikichimbwa karibu na boma la mwenyekiti, mahali pasipo na watu, mama mwenye punda ameibiwa mara mbili.

Liko jambo moja ambalo makanisa yetu yanaweza kulifanya na serikali haiwezi. Nyingi katika sharika zetu zina undugu na sharika za ng'ambo, za Uskoti, za Uingereza, za Ujerumani, za Uswidi, za Marekani. Wakija kututembelea tunawaimbia, tunawachinjia mbuzi, nao hutuletea vitabu vya shule ya Jumapili. Hawa ni watu wa Mungu, na wengi wao hawana utajiri mkubwa. Lakini wana kitu ambacho sisi hatuna. Wana kura katika nchi zao, na mbunge wao huwajibu barua.

Sisi tumezoea kuwaandikia barua za kuomba mabati. Tunashauri kila ushirika ulio na ndugu kama hao uwaandikie, kabla ya mkutano wa Novemba ujao, barua isiyoomba kitu. Bwana wetu alifundisha, katika Mathayo sura ya 18, kwamba ndugu yako akikukosea umwendee umweleze, ninyi wawili. Waelezeni mambo ya kwenu kwa utaratibu. Andikeni mto wenu ulikauka mwaka gani. Andikeni mlikuwa na ng'ombe wangapi na wamebaki wangapi, ni watoto wangapi waliacha shule, na daraja lilichukuliwa mwezi gani. Msiongeze na msipunguze. Andikeni pia makosa ya kwenu, kama mlikata miti ya chanzo cha mto, semeni. Kisha waombeni wamsomee mbunge wao mstari wa 6, na wamwulize fedha ambazo nchi yao imeandika kuwa zimetolewa ni malipo au ni mkopo. Wazee wa kanisa watie sahihi, na akina mama watie sahihi, maana wao ndio wajuao umbali wa maji.

Mkipata jibu, tutafurahi mkituandikia habari zake, kwa anwani ile ile ya gazeti hili. Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutasoma Hesabu sura ya 5, ambayo inamtaka mwenye kulipa aongeze sehemu ya tano juu ya kile alichoharibu, na inaeleza pia alipwe nani ikiwa aliyedhulumiwa amekwisha kufa. Mpaka hapo, kwaherini, na Bwana awalinde.